Maiti Haulizwi Sanda? Sheria, Ukoo na Mamlaka ya Kutoa Mwili wa Marehemu

1. Utangulizi

Wahenga walisema kwamba maiti haulizwi sanda. Maana yake ni wazi: aliyekufa hachagui tena, walio hai ndio wanaokata kitambaa, wanaochimba kaburi na wanaopanga siku ya mazishi. Kwa vizazi vingi msemo huo ulitosha, kwa kuwa jambo lililobaki kuamuliwa lilikuwa namna ya kuzika tu. Siku hizi swali jingine limebisha hodi katika chumba cha maiti. Figo, ini na moyo wa mtu aliyefariki vyaweza kumwokoa mwingine, na mwili mzima waweza kuwafundisha wanafunzi wa udaktari yale ambayo hakuna kitabu kiwezacho kuyafundisha. Ni nani, basi, mwenye mamlaka ya kusema "ndiyo" kwa niaba ya kinywa kilichonyamaza?

Swali hili si la nchi za mbali. Nchini Tanzania upandikizaji wa figo ulianza katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2017, na mwaka uliofuata katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Hapo figo zilitolewa na ndugu walio hai, nao waliweza kuulizwa na kujibu wenyewe. Mahali ambapo mtoaji ni marehemu, mchungaji ataitwa kukaa na familia saa ile ile daktari anaposubiri jibu. Afadhali awe amelifikiri jambo hili kabla ya kuitwa.

Makala hii haiulizi kama ni halali kwa Mkristo kutoa viungo vyake baada ya kufa. Swali hilo limekwisha kujibiwa na makanisa mengi. Mwaka 1990 Kanisa la Kiinjili la Ujerumani, pamoja na maaskofu Wakatoliki wa nchi hiyo, walitamka kwamba tendo hilo laweza kuwa tendo la upendo kwa jirani. Wengi wetu tunakubaliana nao. Tunalouliza hapa ni jambo ambalo mahubiri juu ya upendo hulirukia upesi mno: upendo huo ni wa nani? Nitazipima sheria kadhaa, hasa zile za Kenya na zile zilizozaa za Kenya, kwa kuwa maneno ya sheria huonyesha jinsi jamii inavyomwona mtu. Hoja yangu ni moja: sheria hizi zinawapa jamaa, au hospitali, nafasi ya mtoaji, wakati nafasi yao ya haki ni ile ya shahidi.

2. Mamlaka ya aliye na mwili mkononi

Ili kuielewa sheria ya Kenya hatuna budi kuanzia Uingereza. Mwaka 1828 mjini Edinburgh iligundulika kwamba watu wawili, Burke na Hare, walikuwa wameua watu kumi na sita na kuiuza miili yao kwa mwalimu wa anatomia. Bunge la Uingereza lilitunga Sheria ya Anatomia mwaka 1832 ili kuikomesha biashara hiyo. Dawa iliyopatikana ilikuwa hii: yeyote aliye na mwili mikononi mwake kihalali apewe uwezo wa kuruhusu upasuliwe, isipokuwa marehemu au jamaa wawe wamepinga. Kwa maneno, sheria hiyo iliwahusu watu wote. Kwa matendo, waliokuwa na miili mikononi ni wasimamizi wa nyumba za maskini, na miili iliyopelekwa vyuoni ilikuwa ya watu wasio na wa kuwadai.

Msamiati huo wa "aliye na mwili kihalali" ulirithiwa na Sheria ya Tishu za Binadamu ya Uingereza ya mwaka 1961, na kutoka huko ukaingia katika sheria ya Kenya yenye jina hilo hilo ya mwaka 1966. Sheria hizo zinataja hali mbili. Katika hali ya kwanza marehemu mwenyewe ameomba, kwa maandishi wakati wowote au kwa mdomo mbele ya mashahidi wawili katika ugonjwa wake wa mwisho, kwamba mwili wake utumiwe. Katika hali ya pili marehemu hakusema lolote, na mwenye kuushika mwili amefanya uchunguzi wa kadiri asione sababu ya kuamini kwamba marehemu alikataa, au kwamba mke, mume au jamaa yeyote anapinga.

Msomaji makini atazame kitenzi. Hata katika ile hali ya kwanza sheria haisemi kwamba marehemu ametoa. Inasema kwamba ameomba, na kwamba mwenye kuushika mwili "aweza" kuruhusu. Marehemu ni mwombaji. Mruhusu ni yule ambaye mwili umelala katika jengo lake. Katika hali ya pili jamaa hawaombwi idhini. Wanangojewa wapinge. Asiyepatikana kwa wakati hahesabiwi kuwa amepinga.

Mantiki hiyo ilionekana kwa uchungu huko Marekani, ingawa chini ya sheria nyingine. Mwezi wa Mei mwaka 1968 mfanyakazi mmoja Mmarekani mweusi, Bruce Tucker, alianguka na kuumia kichwa, akapelekwa katika hospitali ya chuo cha tiba mjini Richmond, jimbo la Virginia. Siku iliyofuata moyo wake ulitolewa na kupandikizwa katika kifua cha mtu mwingine. Hakuna jamaa aliyeulizwa. Alichukuliwa kuwa mtu asiye na wa kumdai. Kumbe alikuwa na ndugu, William, mwenye duka la kushona viatu katika mji huo huo. Familia ilipata habari za moyo huo kutoka kwa mtayarishaji wa mazishi. Walipokwenda mahakamani, mwaka 1972 baraza la mahakama liliwapa madaktari ushindi.

Huko Uingereza nako, ripoti iliyotolewa mwaka 2001 ilieleza jinsi viungo vya watoto waliofariki vilivyokuwa vimewekwa katika hospitali ya Alder Hey, Liverpool, pasipo wazazi kujua. Hapo ndipo taifa lile lilipokiri kwamba sheria ya 1961 ilikuwa haitoshi, na mwaka 2004 likatunga nyingine iliyoanza na neno "ridhaa". Tunajifunza nini? Kwamba pale mamlaka inapokabidhiwa kwa aliye na mwili mkononi, wa kwanza kunyamazishwa ni maskini na mgeni.

3. Mamlaka ya ukoo

Yamkini msomaji wa Kiafrika atasema: "Hayo ni ya Wazungu. Kwetu mtu hana mwili wake peke yake, ana ukoo." Jibu hili lina uzito, wala halipaswi kudharauliwa. Lakini nalo limekwisha kupimwa mahakamani, tena mbele ya taifa zima.

Mwanasheria Silvano Melea Otieno alifariki mjini Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, Mkikuyu wa ukoo wa Waiyaki, ambaye alikuwa amefunga naye ndoa mwaka 1963 kwa sheria ya serikali, alitaka kumzika katika shamba lao huko Matasia, karibu na Ngong. Ndugu wa marehemu, Joash Ochieng' Ougo, pamoja na ukoo wa Umira Kager, walitaka azikwe Nyalgunga, Siaya, katika ardhi ya baba zake, kama mila za Wajaluo zinavyodai. Mashahidi wengi walisikilizwa, miongoni mwao mwanafalsafa Henry Odera Oruka. Mjane alieleza kwamba mumewe alikuwa amesema mwenyewe mahali alipotaka kuzikwa. Tarehe 13 Februari 1987 Jaji Bosire aliwapa ukoo haki, na mwezi wa Mei Mahakama ya Rufani ikaikubali hukumu hiyo. Otieno alizikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987, baada ya kukaa siku 154 bila kuzikwa.

Kesi hiyo haikuhusu figo wala moyo. Hata hivyo inatufaa, kwa maana ilitamka nani msemaji wa mwili. Mahakama ilijiona haifungwi na matakwa ambayo marehemu aliyasema alipokuwa hai. Kwa hiyo, maiti haulizwi sanda. Na hata kama aliulizwa jana, jibu lake la jana halimfungi mtu leo.

Nakubali kwamba ukoo ulikuwa unalinda jambo jema. Ulikuwa unakataa wazo kwamba mtu huanza na kuishia kwake mwenyewe. Lakini mtu anapohesabiwa kuwa sauti ya ukoo tu, ahadi yake, ndoa yake na imani yake vinaweza kufutwa siku anapofumba macho. Hospitali ilimnyamazisha Tucker kwa kutomjua. Otieno alinyamazishwa na waliomjua tangu utoto.

4. Mamlaka ya orodha

Sheria mpya zimejaribu kutafuta njia ya tatu. Sheria ya Taifa ya Afya ya Afrika Kusini ya mwaka 2003 inamruhusu mtu mwenye uwezo wa kuandika wosia kuutoa mwili wake au sehemu yake katika wosia, au katika hati iliyotiwa sahihi mbele ya mashahidi wawili, au kwa tamko la mdomo mbele ya mashahidi wawili. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 imefuata mkondo huo huo. Hapa kitenzi kimebadilika: mtu sasa "hutoa", haombi tu. Hayo ni maendeleo ya kweli, nasi tuyashukuru.

Lakini tuendelee kusoma. Ikiwa marehemu hakutoa wala hakukataza, sheria hizo zinawapa jamaa uwezo wa kutoa, kwa utaratibu uliopangwa: mwenzi wa ndoa kwanza, ndipo mtoto mkubwa, mzazi, mlezi, kisha kaka au dada. Nina mashaka mawili juu ya orodha hiyo.

Shaka la kwanza ni la utendaji. Orodha inamtanguliza mjane. Hukumu ya 1987 ilitanguliza ukoo. Ni kweli kwamba kesi za baadaye katika mahakama za Kenya hazikuwa na sauti moja, na ziko zilizompa mwenzi wa ndoa nafasi ya mbele. Lakini fikiria mchungaji aliyeketi baina ya pande hizo mbili. Mama anaweza kisheria kutia sahihi ili figo za mumewe zitolewe usiku huu. Kesho yake wazee wa ukoo wanafika kuuchukua mwili wakazike nyumbani, wanakuta umekwisha kupasuliwa. Sheria moja imejibu swali la kutoa, na mila imejibu swali la kuzika, kana kwamba ni miili miwili. Chuki itakayozaliwa hapo haitakwenda mahakamani tu. Itakuja usharikani, nayo itamwangukia mjane.

Shaka la pili ni la msingi zaidi. Orodha haimwulizi jamaa, "Yeye alitaka nini?" Inamwuliza, "Wewe unatoa?" Kwa hiyo mke anakuwa mtoaji wa kitu ambacho si chake. Waswahili husema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ikiwa kutoa ni moyo, moyo wa mwingine hauwezi kutoa kwa niaba yangu. Waweza kuruhusu, waweza kukataza, waweza kushuhudia. Lakini zawadi inayotolewa na asiyekuwa mwenyewe ni kitu kingine, hata kama matokeo yake ni mema.

Yafaa kutaja kwamba sheria ya Uingereza ya mwaka 2004 imeligusa jambo hili upande mmoja. Kwa viungo vya kupandikiza bado jamaa waweza kutoa ridhaa. Lakini kwa mwili mzima utakaotumiwa kufundishia anatomia, ridhaa ya jamaa haitoshi kabisa; ni lazima marehemu mwenyewe awe ameandika mbele ya shahidi. Nchi iliyoanza mwaka 1832 kwa miili ya maskini wasiodaiwa imekiri kwamba hakuna awezaye kumtoa mwenzake. Katika vyuo vingi vya tiba barani Afrika miili ya kusomea bado ni ile isiyodaiwa. Kanisa linaloimba kwamba Mungu humjua kila mtu kwa jina lake haliwezi kuliona neno hilo "isiyodaiwa" likapita kimya.

5. Mbele ya Neno la Mungu

Kuna hatari ya kulijibu suala hili kwa kauli ya siku hizi kwamba "mwili ni wangu". Mtume Paulo hatupi nafasi hiyo. Katika 1 Wakorintho 6:19-20 anatukumbusha kwamba sisi si mali yetu wenyewe. Tulinunuliwa kwa thamani. Naye Dk. Martin Luther, anapoieleza sehemu ya kwanza ya Imani katika Katekisimo Ndogo, anahesabu mwili, macho, masikio na viungo vyote miongoni mwa vitu ambavyo Mungu amenipa na kunitunzia. Mwili ni amana. Lakini angalia: amana hukabidhiwa mtu fulani, naye ndiye atakayetoa hesabu. Haikukabidhiwa hospitali, wala ukoo, wala serikali. Kwa hiyo Neno linaikataa kauli ya "ni wangu", na papo hapo linaikataa kauli ya "ni wetu" ikiwa inamfuta yule aliyekabidhiwa.

Mfano ulio bora wa jambo hili ni Yakobo. Katika Mwanzo 47 anamwita Yusufu na kumwapisha asimzike Misri. Katika Mwanzo 49 anarudia maneno hayo mbele ya wanawe wote, akiitaja pango kwa jina na historia yake. Alipokufa, matabibu wa Misri walimpaka dawa kwa agizo la Yusufu, na serikali ya Farao ndiyo iliyokuwa na uwezo wa kuruhusu msafara. Tunaona hapo wote tuliowataja: matabibu, serikali, mwana mwenye cheo, na ukoo mzima. Yusufu alikuwa na nguvu kuliko wote. Hata hivyo hakumwambia Farao, "Nataka kumzika baba yangu Kanaani." Alimwambia kwamba baba yake alimwapisha. Alisimama kama shahidi. Farao naye alimruhusu kwenda kwa sababu ya kiapo hicho.

Wako wahubiri wanaomfananisha mtoa viungo na Bwana wetu aliyeutoa mwili wake. Nadhani tutumie mfano huo kwa uangalifu mkubwa, maana figo haisamehi dhambi. Lakini kama tunautumia, basi tuutumie wote. Katika Yohana 10:18 Bwana anasema kwamba hakuna amwondoleaye uhai wake, bali yeye autoa mwenyewe. Kinachoifanya zawadi ile kuwa zawadi ni kwamba ilitolewa na mwenyewe. Kayafa naye aliona inafaa mtu mmoja afe kwa ajili ya watu (Yohana 11:50). Hesabu yake ilikuwa sahihi. Lakini hakuna aliyewahi kuiita upendo.

6. Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kubwa, nalo linatoka kitandani kwa mgonjwa. Anayesubiri figo atauliza: "Mtanijadili hadi lini? Nakufa." Kwa ajili yake mataifa kadhaa yamechagua kumhesabu kila mtu mzima kuwa amekubali, isipokuwa amekataa. Wales ilianza utaratibu huo mwaka 2015, na Uingereza yenyewe tarehe 20 Mei 2020. Ujerumani, bunge lilikataa pendekezo la namna hiyo mwezi wa Januari mwaka 2020, na makanisa yalikuwa miongoni mwa waliolipinga. Waliounga mkono tendo hilo mwaka 1990 kama tendo la upendo hawakutaka kimya kihesabiwe kuwa upendo. Nadhani walikuwa sahihi. Mahali ambapo watu wengi hawasomi gazeti la serikali, kimya si ridhaa. Mara nyingi ni kutokujua. Lakini msimamo huo una gharama, na gharama hiyo inalipwa na yule mgonjwa. Asiyetaka sheria iseme kwa niaba ya watu anao wajibu wa kuwafanya watu waseme.

Pingamizi la pili: vipi kuhusu mtoto mchanga, au mtu ambaye hakuwahi kusema neno? Hapo shahidi hana la kushuhudia. Sisemi kwamba familia isiruhusiwe kuamua. Mzazi aliyebeba mtoto katika uhai anaweza kumbeba katika uamuzi huu pia. Naomba tu tuliite jambo kwa jina lake. Hiyo ni ruhusa ya wafiwa, inayotolewa katika giza, chini ya rehema ya Mungu. Tusiipambe ibada ya mazishi kwa kusema kwamba marehemu amejitoa, ikiwa hakujitoa. Na familia iliyokataa isihukumiwe kuwa haina upendo.

7. Wajibu wetu

Tukikubali kwamba jamaa ni mashahidi, kazi ya kanisa inakuwa wazi. Shahidi hushuhudia aliyoyasikia. Basi ni lazima pawe na jambo lililosemwa. Sheria ya Kenya inadai mashahidi wawili, kama Torati ilivyodai (Kumbukumbu la Torati 19:15). Ni wapi penye mashahidi wengi waaminifu kuliko usharikani? Mchungaji anayekwenda na mzee wa kanisa kumpa mgonjwa Meza ya Bwana nyumbani anaweza kumwuliza, kwa upole na pasipo kumsukuma, kama ana neno juu ya mwili wake: wapi uzikwe, na kama ungeweza kumsaidia mtu. Akikataa, kukataa kwake kuandikwe na kuheshimiwa sawasawa na kukubali. Katika mafundisho ya kipaimara, tunapofika sehemu ya kwanza ya Imani, tusiishie kuwakaririsha vijana orodha ya macho na masikio. Tuwaulize amana hiyo wataitolea hesabu gani.

Zaidi ya yote, tuwafundishe washarika kufanya kama Yakobo: kumwapisha mmoja, na kuwaambia wote. Mume asimwambie mkewe peke yake chumbani, akamwachia ugomvi na ukoo. Awaite na ndugu zake, aseme mbele yao wangali wanakula naye. Neno lililosikiwa na pande zote mbili litamlinda mjane kuliko kifungu chochote cha sheria.

Wahenga walisema kweli: maiti haulizwi sanda. Walichotuachia sisi ni kumwuliza mtu akiwa hai.